Mzigo Hautazami Nje

Ukikutana na gari refu la mizigo, limezibwa bati ubavu mzima, ukalisogelea na kuona alama za madirisha zimejificha chini ya rangi, ujue huenda limepita mikononi mwa Mzee Bati. Kazi yake tangu ujanani mpaka kuota mvi ilikuwa hiyo: kuchukua basi la abiria lililochoka, kung'oa viti, kutoa vioo, kuziba madirisha, na kulirudisha barabarani likiwa gari la kubebea saruji na unga. Alikuwa fundi bodi, tena bingwa, hilo halina ubishi. Ribiti zake, vile vipini vya kubania bati, zilinyooka mstari mmoja kuanzia mbele hadi nyuma, na mvua ilinyesha wiki nzima isipate pa kupenya. Mara nyingine mteja alimwomba aache walau kidirisha kimoja. Naye alimjibu bila kuinua macho, "Cha nini? Mzigo hautazami nje." Karakana nzima ilikuwa ikiangua kicheko, na msemo huo ukawa wake.

Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Mtu huyu aliyejenga bodi za matajiri alizeeka hana nyumba. Siku ya kustaafu, mwenye karakana alimshika mkono, akamwonyesha basi bovu lililokuwa limelala nyuma ya uwanja, akamwambia, "Hilo ni lako, mzee. Fanya utakavyo." Mwingine angelikatakata akauza chuma chakavu. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye chumba walichopanga, akamwambia mkewe, "Mama watoto, fungasha. Nimepata nyumba yenye magurudumu. Tutatembea mpaka tuchoke."

Mkewe alikuwa mshona nguo, na mtaa wote ulimwita Mama Cherehani. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafungasha. Ndoa yao ilikwenda hivyo miaka yote: mume anaamua, mke anacheka, kisha anabeba. Kucheka si kukubali, lakini wako wanaume ambao hata ukiwaandikia ukutani hawataiona tofauti.

Basi lenyewe lilisafiri mara mbili tu. Mara ya kwanza walikwenda kuliona ziwa, wakarudi. Mara ya pili injini ilikohoa kabla ya njia panda, wakavutwa na lori mpaka nyuma ya karakana, na matairi yakazama taratibu kwenye udongo. Mama Cherehani hakunung'unika. Alikuwa amekwisha kujichagulia mahali pake. Kule nyuma, kilipowekwa kitanda, palikuwa na dirisha kubwa kuliko yote, la kioo cha kuteleza, lililotazama njia ya waendao kwa miguu. Aliweka cherehani chini yake, akashona pazia jepesi la maua, akatia na mto mdogo wa kuegemezea kiwiko. Ikawa tangu asubuhi ni salamu. "Mama, zipu imekatika." "Mama, umemwona mwanangu akipita?" "Mama, hii gauni imenibana, au mimi ndiye niliyenenepa?" Nguo ziliingia na kutoka kwa dirisha hilo, na habari vilevile: nani kajifungua, nani kahama, nani kanuna na kwa nini. Mzee Bati alikuwa mbele kwenye usukani, akigongagonga kitu fulani, akilalama, "Hilo dirisha lako lina kelele kushinda soko."

Tatizo lilikuwa joto. Nyumba ya bati haina huruma. Msimu wa jua kali ukigusa ukuta mchana, unautoa mkono haraka. Ukilala, shuka linakugandia mgongoni. Mama Cherehani alijimwagia maji, akajipepea kwa kipande cha boksi, akaendelea kushona, mpaka mchana mmoja kichwa kikaangukia juu ya cherehani. Waliomwona kwanza ni wapita njia, kwa dirisha. Ndio waliopiga kelele. Mzee Bati alikuwa amelala chini ya basi akikaza nati, hana habari.

Binti yao alikuja siku hiyohiyo, akampeleka mama yake kwa daktari, wakarudi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, yote yenye makali. "Baba," alisema, "daktari amesema presha ya Mama na joto haviwezi kukaa pamoja. Namchukua. Siku utakapolipoza hili kopo lako, nitamrudisha mwenyewe kwa mkono wangu."

"Kopo?" alisema Mzee Bati.

"Unataka niite nini, Baba?"

Mama Cherehani alikuwa amekwisha kukaa kwenye gari la binti, kapakata kibegi chake. Alimwita mumewe karibu, akamwambia taratibu, "Nitarudi, baba watoto. Wewe nitunzie tu mahali pangu." Mzee Bati aliitikia kwa kichwa. Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba alimsikia vizuri kabisa.

Kitanda cha watu wawili kikilaliwa na mmoja kinakuwa uwanja. Mzee Bati hakuwa mtu wa kusema mambo hayo, lakini alianza kulala kwenye kiti cha dereva. Baada ya siku chache akaichukua mashine yake ya kuchomelea, ambayo hata ndugu yake wa tumbo moja hakupata kuiazima, akaiuza, akarudi na kiyoyozi kikiwa ndani ya maboksi mawili. Boksi moja lilikuwa na kipande cha ndani, kile cheupe cha kutundikwa ukutani. La pili lilikuwa na kipande cha nje, chenye feni, cha kutupa joto. Pamoja navyo, mabomba ya shaba yaliyokunjwa duara.

Fundi Barafu alikuwa na kibanda cha mafriji upande wa pili wa njia. Alivuka mwenyewe, mikono mfukoni. Wawili hawa walitaniana tangu enzi.

"Mzee, hii si kazi ya nyundo. Niachie nikufungie."

"Nipishe. Wewe unatia baridi kwenye masanduku. Masanduku yenyewe natengeneza mimi."

"Haya. Likilipuka usiniite."

"Likilipuka utasikia mwenyewe, hutaitwa."

Nisimnyime haki yake: kazi aliifanya, na aliifanya kwa akili. Kipande cha nje alikifunga nyuma ya basi, pale ilipokuwa ngazi ya mizigo, juu ya fremu ya chuma aliyoikaza kwa bolti, na chini yake akaweka vipande vya mpira alivyokata kwenye tairi kuukuu, ili mtetemo usiingie kitandani. Tundu la kupitisha mabomba ukutani alilitoboa likiinama nje kidogo, maana kiyoyozi hutokwa na maji, na tundu likiinama ndani maji yanakuja kulala nawe. Mabomba aliyapinda kwa goti, polepole, asije akayavunja, na karibu na kipande cha nje akaacha duara moja la ziada. Barafu alimuuliza hilo duara ni la nini.

"Siku basi likitembea, litatikisika. Shaba iliyonyooka itapasuka. Hii itacheza."

"Kutembea? Magurudumu yameota nyasi!"

"Mama watoto akirudi tutatembea," alisema Mzee Bati, na Barafu hakutania tena. Alikwenda kuleta pampu yake bila kuombwa, akanyonya hewa yote iliyokuwamo ndani ya mabomba, wakapaka povu la sabuni kwenye maungio kutazama kama gesi inavuja. Haikuvuja. Wakavuta waya mnene kutoka kwenye umeme wa karakana, kwa ruhusa, wakauwekea swichi yake yenyewe. Kiyoyozi kikanguruma kidogo, kikafungua mdomo, kikapuliza.

Kilipuliza baridi, ndiyo, lakini baridi ilikuwa ikikimbia. Ukisimama mbele yake unasikia raha; ukipiga hatua mbili umerudi jikoni kwa shetani. Barafu alizunguka ndani akigusa kuta na vioo kwa kiganja.

"Bati lako nililijua," alisema. "Tia sponji nyuma yake, kisha plaiwudi. Na vioo navyo vinaingiza jua. Tafuta pazia nzito, zile za tabaka mbili. Jua likiwa kali mama anafunga, likipoa anafungua."

"Pazia?"

"Pazia. Kwani hujui pazia?"

"Pazia ni kitambaa, Barafu. Joto halizuiwi kwa kitambaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Basi angalau muulize mwenyewe. Yeye ndiye anayekaa hapo."

"Nimuulize nini? Anataka baridi. Namtengenezea baridi." Na kweli, angeuliza vipi mtu ambaye maisha yake yote alipewa gari na kulirudisha limekwisha? Magari hayaulizwi.

Mkewe alipiga simu jioni, kabla Mzee Bati hajaanza kuziba madirisha. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliye nyumbani kwa watu, hata kama watu hao ni damu yake.

"Mahali pangu panaendeleaje?"

"Pazuri. Utakapoona utashangaa."

"Pazia langu umelifua? Vumbi la njia ile nalijua."

"Usiwe na wasiwasi na pazia."

"Huku ghorofani dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Ukuta mtupu. Nautazama mpaka nauota."

"Vumilia, mama watoto. Ukirudi, joto halitakuona tena."

"Joto?" alisema, kwa namna ambayo mtu mwingine angeuliza: unafikiri nini? "Haya, mume wangu. Ahsante kwa kuhangaika."

Mzee Bati alianza na madirisha ya mbele, akayamaliza moja baada ya jingine: kioo nje, sponji ndani, bati juu, ribiti. Alipiga mluzi. Mikono ilikuwa imerudi kwenye kazi iliyoijua, na mikono ikishika kazi inayoijua, kichwa hulala. La nyuma aliliacha la mwisho. Alipoondoa pazia la maua alilikunja vizuri, akaliweka chini ya godoro pamoja na ule mto wa kiwiko. Kwenye fremu, rangi ilikuwa imefutika pale mkewe alipozoea kuegemea, pakang'aa. Mzee Bati alipapitisha kidole. Akajiambia kwamba jua la mchana huingilia hapohapo, na hapo ndipo mkewe alipoangukia. Akachukua drili.

Kioo kilitoka kizima, bila ufa. Ilitokea kwamba kule karakana kulikuwa na basi la safari ndefu, aina ileile, limevunjiwa kioo na jiwe, abiria wanasubiri kivulini. Dereva alikuja akipiga magoti kwa utani. "Mzee, niokoe." Mzee Bati akampa. Hakutaka kitu. Alikuwa na furaha siku ile, na mtu mwenye furaha ni mkarimu kwa vitu visivyo vyake. Kabla jua halijazama kioo cha Mama Cherehani kilikuwa mbali, abiria asiyejulikana ameegemeza paji la uso wake juu yake.

Kesho yake aliwasha kiyoyozi asubuhi, akafunga mlango, akakaa nje kivulini. Alipoingia mchana alitetemeka. Akacheka peke yake kama mwehu. Akatandika shuka safi, akaongeza na blanketi, blanketi mchana! Kisha akampigia binti yake, akamwambia maneno mawili tu: "Kopo limepoa."

Walifika siku ya pili. Binti alipanda kwanza. Alisimama katikati ya basi, akapumua, akageuka akamtazama baba yake kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu utotoni. "Baba, umeweza. Kweli umeweza. Nisamehe kwa maneno yangu." Mzee Bati alijisikia mrefu. Hata alimpigia Barafu mluzi avuke aje kuona.

Mama Cherehani alipanda polepole, akishika nguzo. Alimsalimu mumewe, akamgusa shavu, akasema amekonda. Akapita mpaka nyuma, akakaa kitandani mahali pake, akavuta pumzi ndefu. "Ah, pamepoa," alisema, na alikuwa anatabasamu. Kisha, kwa mazoea, pasipo kufikiri, akaupeleka mkono ubavuni aegemee. Kiwiko kiligonga bati.

Alitazama. Akaweka kiganja chote juu ya bati, akakipeleka kushoto, akakirudisha kulia, akitafuta ukingo.

"Dirisha liko wapi?"

"Nimeziba," alisema Mzee Bati, na bado alikuwa anachekelea. "Yote. Joto lilikuwa linaingilia hapo hapo ulipokaa. Sasa hata sindano haipenyi. Ngoja nikuwashie taa."

Aliwasha taa. Nje ilikuwa saa za jua la utosi.

Mama Cherehani aliitazama taa, kisha cherehani chake kilichokuwa kimesukumwa pembeni. Kule nje alisikika mtu akipita, akaimba kidogo, akapotea. Hakujulikana ni nani.

"Mvua ikinyesha nitajuaje?"

"Utaisikia juu ya paa."

"Na mtu akiniita?"

"Atazunguka mlangoni, mama watoto. Mlango upo."

"Nani atazunguka karakana nzima kwa ajili ya zipu?" Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Mimi nilikuambia unitunzie mahali pangu. Nikawa najisemea kule ghorofani, vumilia, dirisha lako lipo. Joto lilinizimisha mara moja, baba watoto. Hili litanizimisha kila siku."

Barafu, aliyekuwa amefika mlangoni na utani wake mdomoni, aliumeza akarudi nyuma.

"Nitalifungua," alisema Mzee Bati haraka. "Leo leo. Kuziba na kuzibua ni kazi moja. Nitarudisha kioo chako."

"Kiko wapi?"

 Binti alimtazama baba yake, na ule urefu aliokuwa nao Mzee Bati ukamwisha. Alisema kioo alimpa dereva mmoja aliyekuwa na shida, basi la safari ndefu, hajui lilielekea wapi.

Mama Cherehani alicheka. Hakikuwa kile kicheko cha kushika mbavu. "Kumbe kimesafiri," alisema. "Walau chenyewe kimesafiri." Akainuka, akachukua kibegi chake ambacho hakuwa amekifungua. Alipopita mbele ya mumewe alisimama. "Ule msemo wako wa karakana, nilikuwa nausikia kila siku. Wenzako wakicheka, na mimi nikicheka. Sikujua utakuja kunihusu."

"Mama, tukae kidogo tuzungumze," alisema binti.

"Tutazungumza kwako. Nirudishe kwa sasa." Na watu wazima wanajua "kwa sasa" ni muda gani. Mzee Bati aliwasindikiza mpaka kwenye gari akiwa ameshika spana ambayo hakukumbuka kuiokota. Mkewe alimpungia mkono kwa dirisha la gari, akiwa ameshusha kioo mpaka chini, kiwiko nje.

Mzee Bati hakungoja. Alichukua grainda akakata palepale, cheche zikimrukia shingoni, mpaka kipande cha bati kikaanguka nje na jua likaingia kitandani. Bila kioo, lakini tundu lilikuwa tundu. Sponji iliyochanika ilining'inia kingoni. Alisahau kuzima kiyoyozi, au hakujali. Akakaa mahali pa mkewe, akatoa mto wa kiwiko chini ya godoro, akauweka pale, akautazama, akauondoa.

Mtu wa kwanza alitokea hata kabla jasho halijamkauka, kijana mwenye suruali mkononi. "Mama Cherehani yupo?" Hayupo. Akaja mzee wa rika lake, ambaye Mzee Bati hakuwahi kujua kwamba hupita hapo, akauliza kama mama amepona. Hajambo, ila hayupo. Wanafunzi wawili walipita wakipunga mkono kabla hawajamtambua, kisha wakaushusha. Kila mmoja alikuwa na jina lake la kumwitia. Mmoja alimwita Shangazi, mwingine Mama Mkubwa, mwingine Bibi, na Mzee Bati alijibu yote kwa neno lilelile, akaona jinsi neno hilo linavyozidi kuwa gumu kutamka. Yeye alikuwa ameishi ndani ya basi hilo pamoja naye, na hakuwa amewajua hata mmoja kati yao.

Jua likipinda, alikuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni na sare ya shule iliyochanika kwapani. Aliinama kwenye tundu, na ile hewa iliyokuwa ikitoka ndani, ikipita mabegani mwa Mzee Bati, ikampiga usoni. Alifumba macho.

"Jamani! Humo ndani kuna baridi tamu," alisema. "Mama ana raha mwaka huu. Yuko wapi, nimpe hii?"

"Hayupo."

"Akirudi mwambie nimepita."

"Nitamwambia," alisema Mzee Bati, akaipokea sare.